Pikipiki Isiyokaa Sailensa: Somo la Kabureta na Utulivu wa Moyo



Asubuhi ya baridi ya mwezi Juni, pita kwenye kijiwe chochote cha bodaboda hapa Iyunga, iwe upande wa stesheni ya TAZARA au kandokando ya barabara kuu iendayo Tunduma. Hutakosa kusikia pikipiki moja inanguruma kwa fujo huku imesimama palepale. Mwenyewe kaishika akseleta, anapiga resi, hataki kuiachia. Ukimuuliza kwa nini anaunguza mafuta bure, anakujibu kwa ufupi: "Haikai sailensa, frateri. Nikiachia tu, inazima."

Somo letu la leo limo ndani ya jibu hilo. Vijana wengi wa jumuiya zetu wanakula kwa pikipiki. Wengine wanatumia injini ndogo za petroli kusukuma maji bustanini, wengine jenereta za saluni na stationery. Wote wanategemea kifaa kimoja kinachoenea kwenye kiganja: kabureta. Kwa hiyo tutajifunza kwanza jinsi ya kuitunza iwe safi, kisawasawa, kama mafundi. Halafu tutauliza kabureta chafu inatufundisha nini juu ya moyo ambao nao haukai sailensa. Ukiwa na daftari, lete. Ukiwa na pikipiki, bora zaidi.

KABURETA INAFANYA NINI

Petroli ikiwa majimaji haiwaki vizuri ndani ya injini. Lazima ichanganywe na hewa iwe kama ukungu. Kipimo kizuri ni takriban kilo 14.7 za hewa kwa kilo moja ya petroli. Hewa ikizidi, injini inakosa nguvu na inapata joto kupita kiasi. Petroli ikizidi, plagi inakuwa nyeusi, moshi unatoka mweusi na mafuta yanaisha haraka. Kazi ya kabureta ni kushika kipimo hicho muda wote, ukiwa umesimama na ukiwa mwendoni.

Inafanyaje? Ndani yake kuna njia ya hewa ambayo katikati imebanwa. Hewa ikipita pale penye ubano inaongeza mwendo, na mgandamizo wake unashuka. Mgandamizo ukishuka, petroli inanyonywa kutoka kwenye kopo la chini kupitia vitundu vidogo, kama unavyonyonya soda kwa mrija. Mtaalamu aliyeeleza jambo hilo anaitwa Giovanni Battista Venturi, Mwitalia. Sasa sikilizeni hii: Venturi alikuwa padre. Alipadrishwa mwaka 1769, na mwaka huohuo akaanza kufundisha mantiki katika seminari ya Reggio Emilia. Maandiko yake juu ya mwendo wa maji na hewa yalitoka mwaka 1797. Na injini yenyewe? Mmoja wa watu wa mwanzo kabisa kubuni injini inayopata nguvu kwa kulipua gesi ndani ya silinda ni Padre Eugenio Barsanti, wa shirika la Wapiaristi, akishirikiana na mhandisi Felice Matteucci. Waliweka maelezo ya ubunifu wao kwenye kumbukumbu huko Firenze mwaka 1853. Kwa hiyo akija mtu kukuambia kwamba mambo ya spana hayamhusu mtu wa sala, mtajie mapadre hao wawili.

VITUNDU VIWILI, KAZI MBILI

Ukifungua kopo la chini la kabureta ya pikipiki utakuta vipande viwili vidogo vya shaba vyenye matundu katikati. Hizo ni jeti. Jeti kubwa inafanya kazi ukivuta mafuta, yaani ukiwa mwendoni. Jeti ndogo inalisha injini ukiwa umeachia akseleta, yaani kwenye sailensa. Tundu la jeti ndogo kwa kawaida halifiki hata nusu milimita. Chembe moja ya kutu inatosha kuliziba.

Hapa ndipo penye siri ya yule kijana wa kijiweni. Jeti ndogo ikiziba, pikipiki haifi moja kwa moja. Ukipiga resi, jeti kubwa inaleta mafuta na injini inanguruma kama nzima. Mtu wa mbali anaweza kusema, "Ile chombo iko vizuri, sikia mlio!" Lakini achia akseleta. Pale ambapo jeti kubwa imenyamaza, ndipo utajua kama ile ndogo inafanya kazi. Kelele inaficha ugonjwa. Utulivu ndio unaoutoa hadharani.

Wengine wanapata ujanja: wanavuta choki na kutembea nayo kutwa nzima. Choki imewekwa kwa ajili ya kuwasha injini ya baridi, dakika chache tu. Inaongeza mafuta kulinganisha na hewa, kwa hiyo jeti iliyoziba nusu inaonekana imepona. Haijapona. Mafuta yanaliwa, plagi inajaa masizi, na baada ya muda hata choki haisaidii.

Na jambo hili si la usumbufu tu. Fikiria unashuka mteremko wa Iwambi, nyuma yako lori la semi lenye shehena ya kwenda Zambia. Unaachia akseleta ili uingie njia ya pembeni, injini inazima palepale barabarani, na mgongoni umembeba mama na mtoto. Kitundu kisichofika nusu milimita sasa kimekuwa suala la uhai wa watu watatu.

UCHAFU UNATOKA WAPI

Kuna vyanzo vitano, na vyote tunavijua.

Kwanza, vumbi. Kiangazi cha huku kwetu, kuanzia Juni hadi Oktoba, njia za mitaani ni unga mtupu. Filta ya hewa ikichanika au ikitolewa kabisa (wapo wanaoitoa "ili ivute vizuri"), vumbi lote linaingia kwenye kabureta na kwenye silinda.

Pili, kutu ya ndani ya tenki. Tenki likikaa nusu tupu usiku wa baridi, unyevu wa hewa unagandia kwenye kuta zake kama jasho kwenye chupa ya soda ya baridi. Maji hayo yanatengeneza kutu, na kutu inashuka.

Tatu, maji yenyewe. Maji ni mazito kuliko petroli, kwa hiyo yanakaa chini ya tenki na chini ya kopo la kabureta, palepale jeti zinaponyonyea.

Nne, mafuta mabaya. Petroli ya chupa inayouzwa barabarani inaweza kuwa imewekwa kwenye chombo chenye mchanga, au imechanganywa na mafuta ya taa. Watanzania tunalijua neno lake: kuchakachua. Tatizo lilikuwa kubwa kiasi kwamba mwaka 2010 serikali kupitia EWURA ilianza kuweka vinasaba kwenye mafuta, na mwaka 2011 ushuru wa mafuta ya taa ukapandishwa ili kuwakatisha tamaa wachakachuaji.

Tano, na hili wengi hawalijui: petroli iliyolala. Petroli ikikaa wiki kadhaa bila kutumika, sehemu yake nyepesi inapaa hewani, na inayobaki inakuwa nzito, inanata, mwishowe inaacha utandu wa rangi ya kahawia kama lami nyepesi. Utandu huo ndio unaoziba jeti za pampu za maji na jenereta ambazo "hazijatumika hata kidogo". Mwenye pampu anashangaa: niliiweka stoo ikiwa nzima, mbona leo haiwaki? Ndugu yangu, imeharibika kwa kukaa tu.

NAMNA YA KUSAFISHA

Tuingie kazini. Usalama kwanza: injini iwe imepoa, uwe mahali penye hewa, mbali na jiko la mkaa, sigara na cheche yoyote. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa. Unatambaa chini na unaweza kuufuata moto ulio mbali kidogo na wewe.

1. Funga koki ya mafuta. Chini ya kopo la kabureta kuna skrubu ya kumwagia. Weka chupa inayoonyesha ndani, legeza skrubu, acha petroli ishuke. Ngoja dakika chache, kisha itazame kwenye mwanga. Ukiona matone yaliyojikusanya chini kama shanga, hayo ni maji. Ukiona punje nyekundu, hiyo ni kutu. Mara nyingine kumwaga huko peke yake kunatosha. Funga skrubu, fungua koki, jaribu kuwasha.

2. Kama bado, toa kabureta. Kabla ya kugusa kitu, piga picha kwa simu kila upande: mpira wa mafuta umeingia wapi, waya wa akseleta umekaaje. Picha hizo ndizo fundi wako wa pili.

3. Safisha kwanza nje kwa brashi na petroli kidogo. Ukifungua ikiwa na matope, unaupeleka uchafu wa nje ndani.

4. Fungua kopo kwa bisibisi inayokaa sawasawa kwenye skrubu. Toa boya kwa kusukuma taratibu kipini chake. Litikise karibu na sikio: ukisikia majimaji ndani yake, limetoboka, na ndiyo sababu kabureta inamwaga mafuta. Tazama ncha ya sindano ya boya. Ikiwa na alama ya duara iliyochimbika, badilisha.

5. Kuna skrubu ndogo ya mchanganyiko wa hewa na mafuta, mara nyingi ubavuni. Kabla ya kuitoa, izungushe kwa upole kuingia ndani hadi igote, huku ukihesabu mizunguko. Andika hesabu hiyo, maana utairudisha hivyohivyo. Usiikaze kwa nguvu, ncha yake ni laini.

6. Toa jeti zote mbili. Shaba ni laini, bisibisi isiyoenea itakula kichwa chake. Inua jeti kwenye mwanga wa jua uchungulie. Iliyo safi inaonyesha duara kamili la mwanga. Iliyoziba inaonyesha giza, au mwanga uliokatika.

7. Loweka jeti kwenye dawa ya kusafishia kabureta, au kwenye petroli safi kama dawa haipo. Kisha puliza kwa upepo. Kompresa ya wajaza matairi inafaa. Puliza pia kila njia ndani ya kabureta yenyewe, hasa ile ya jeti ndogo. Kinga macho, maana dawa inarudi usoni. Usitumie sindano wala waya wa chuma. Ukikwangua tundu likapanuka hata kidogo, kipimo kimeharibika na hakirudi tena. Ikibidi kabisa, tumia uzi mmoja wa nailoni, kama ule wa kuvulia samaki.

8. Vitu vya mpira, yaani oringi na gasketi, viweke kando. Ile dawa inavivimbisha.

9. Rudisha kila kitu kwa kufuata picha zako. Fungua koki, subiri kopo lijae, angalia kama kuna uvujaji. Washa, acha injini ipate moto, kisha ndiyo urekebishe skrubu ya sailensa. Pikipiki nyingi ndogo zinakaa vizuri kwenye mizunguko 1,300 hadi 1,500 kwa dakika. Kama huna kipimo, sikiliza: iwe inapumua kwa utulivu, isikimbie wala isikwamekwame.

10. Petroli chafu usiimwage kwenye mfereji. Maji hayo kuna jirani anayamwagilia mchicha.

KABLA HUJAILAUMU KABURETA

Fundi mwaminifu hasafishi kisichokuwa kichafu. Angalia plagi kwanza. Angalia mpira unaounganisha kabureta na injini: ukipasuka, hewa ya wizi inaingia na dalili zinafanana kabisa na jeti iliyoziba. Angalia kifuniko cha tenki: kitundu chake cha hewa kikiziba, pikipiki inakwenda kidogo inazima, ukifungua kifuniko inawaka tena.

Kuna na jambo la mwinuko. Mbeya iko kwenye mita kama 1,700 juu ya usawa wa bahari. Mgandamizo wa hewa hapa ni pungufu kwa karibu moja ya tano ukilinganisha na Dar es Salaam. Kwa hiyo pikipiki iliyorekebishiwa pwani ikiletwa huku inakuwa na petroli nyingi kuliko hewa: plagi nyeusi, nguvu pungufu mlimani, hata kama kabureta ni safi. Hiyo haihitaji kusafishwa, inahitaji kurekebishwa. Vilevile pikipiki ya Iyunga ikiteremka Kyela, karibu na Ziwa Nyasa, unaweza kuhisi inabadilika. Si kila tabu ni uchafu. Nyingine ni ugeni wa mahali, na mgeni anahitaji kusubiriwa azoee. Wanaopokea wenzao wapya kwenye vikundi vya vijana wananielewa.

KULINDA NI NAFUU KULIKO KUSAFISHA

Mwaga kopo la kabureta mara moja kwa mwezi. Safisha filta ya hewa kila wiki wakati wa vumbi: ya sponji ioshe kwa maji na sabuni, ikauke kabisa, kisha ipake oili kidogo sana, ya karatasi ipulize kwa upepo mdogo kutoka ndani kwenda nje. Weka filta ndogo ya mafuta kwenye mpira unaotoka tenkini. Nunua mafuta kituoni. Usiache tenki nusu tupu muda mrefu. Na pampu au jenereta unayotaka kuipumzisha zaidi ya mwezi, funga koki uiache iwake hadi izime yenyewe, halafu mwaga kilichobaki kwenye kopo. Dakika tano leo zinaokoa siku nzima mwezi ujao.

SAILENSA YA MOYO

Sasa tuhamie upande wa pili wa somo.

Kuna vijana wazuri sana kwenye parokia zetu. Wako kwaya, wako VIWAWA, wako kwenye kila kongamano na kila hija. Simu haipumziki, vikundi vya WhatsApp kumi na tano, redio masikioni kutwa. Mlio ni mzuri. Lakini mwambie mmoja wao: "Kaa nusu saa mbele ya Ekaristi, bila simu, bila wimbo, bila kitabu." Dakika ya tatu anatafuta mlango. Akiachia akseleta, anazima.

Mtakatifu Thomas wa Akwino alilijua jambo hili. Anapoeleza uvivu wa kiroho hamzungumzii mtu aliyelala tu. Akimfuata Papa Gregori Mkuu, anataja miongoni mwa matunda ya uvivu huo akili inayotangatanga, inayokimbilia huku na kule kwa sababu imechoka kukaa na Mungu. Kwa maneno ya kijiweni: mtu anapiga resi kwa sababu hakai sailensa. Pilikapilika zake zinaweza kuwa dalili ya ugonjwa, na sisi tukadhani ni afya.

Kumbuka kisa cha nabii Eliya pale mlimani Horebu (1 Fal 19:11-13). Ulikuja upepo mkali, likaja tetemeko, ukaja moto. Bwana hakuwamo. Kisha ikaja sauti ndogo, tulivu, na ndipo Eliya akajifunika uso. Kama njia ndogo ya moyo imeziba, tutausikia upepo na tetemeko vizuri kabisa, ila sauti ile itapita bila sisi kujua.

Na njia hiyo inaziba kwa nini? Tukirudi kwenye vile vyanzo vyetu, mara chache ni jiwe kubwa. Ni vumbi la kila siku lililoingia kwa sababu tulitoa filta: video ya sekunde thelathini, umbea wa dakika mbili, uongo mdogo wa "niko njiani nakuja" na kumbe bado uko kitandani. Ni mafuta yaliyochakachuliwa, ukweli nusu na uongo nusu. Na wakati mwingine ni petroli iliyolala. Wapo wasiotenda ubaya wowote mkubwa, ila walipewa kipaji wakakiweka stoo. Ndiyo maana kwenye Nakuungamia tunakiri pia yale tuliyoyaacha bila kuyatimiza.

Aristotle alifundisha kwamba tabia njema inajengwa kwa matendo yanayorudiwarudiwa, kama vile mtu anavyokuwa mjenzi kwa kujenga. Kuna ukweli hapo, na ndiyo sababu Mtakatifu Inyasi wa Loyola aliwataka wenzake wachunguze dhamiri mara mbili kwa siku. Huko ndiko kumwaga kopo: unaitoa siku yako kwenye chupa inayoonyesha ndani, unangoja itulie, unaitazama kwenye mwanga. Dakika tano. Wala usichungulie kwa hasira. Ukitumia waya wa chuma, yaani ukijichukia na kujikwaruza, utapanua jeraha. Wapo vijana wanaodhani kujitesa kwa hatia ni utakatifu. Hapana. Jeti inasafishwa kwa upepo.

Ila kuna mahali kabureta na roho zinaachana. Fundi anaweza kuisafisha mashine mwenyewe mwanzo mpaka mwisho. Dhambi zetu hatuwezi kujiondolea. Ndiyo maana tuna Kitubio. Sheria ya Kanisa (kanuni 989) inatudai kuungama dhambi kubwa angalau mara moja kwa mwaka. Hicho ni kiwango cha chini kabisa. Mwenye bodaboda anayesubiri izime ndipo amwite fundi, mara kwa mara ataitwa na abiria saa nane za usiku na hataweza kwenda.

JAMBO LA HAKI

Sitaki tumalizie kwenye moyo wa mtu mmoja tu. Mtakatifu Yohane Paulo II, katika waraka wake wa mwaka 1981 juu ya kazi ya binadamu, alifundisha kwamba thamani ya kazi inatokana kwanza na yule anayeifanya, kwa kuwa ni mtu. Papa Pius XII naye mwaka 1955 aliiweka Mei Mosi kuwa sikukuu ya Mtakatifu Yosefu Mfanyakazi. Kwa hiyo mikono yenye grisi si mikono ya daraja la pili.

Lakini heshima hiyo ina deni lake. Wengi wenu mnaendesha pikipiki ya mkataba, na hesabu ya bosi lazima itoke kila siku. Najua kishawishi: pesa ya filta inaingia kwenye vocha, pikipiki inaoshwa Jumamosi mpaka taa zinang'aa, ndani hakuna aliyewahi kuchungulia. Bwana aliwaonya waliosafisha nje ya kikombe wakaacha ndani kama kulivyo (Mt 23:25-26), na nadhani angewaelewa sana waosha pikipiki wetu. Na wewe fundi kijana, unayemwambia mteja "kabureta imekufa, nunua mpya" na huku unajua ni jeti tu imeziba, pesa hiyo ni ya mtu aliyeamka alfajiri kwenye baridi. Mrudishie.

Pikipiki isiyozima ni tendo la upendo kwa jirani. Mama mwenye uchungu usiku wa manane hataki kujua una sauti nzuri kiasi gani kwaya. Anataka ifike hospitali.

KAZI YA WIKI HII

Moja: mwaga kopo la kabureta yako, au ya mwenzako, uone kilichomo. Kama huna injini, kaa na anayejua akuonyeshe.

Mbili: kila usiku, dakika tano za kuchunguza dhamiri. Simu iwe chumba kingine.

Tatu: siku moja kabla ya Jumapili, nusu saa kanisani bila kitu chochote mkononi. Usilazimishe hisia. Angalia tu kama unakaa sailensa.

MASWALI YA KUJIULIZA

- Nikiondolewa kelele, ninabaki na nini?
- Ni "choki" gani ninayotembea nayo kutwa ili nisigundue kwamba nimeziba?
- Kipaji gani nimekiweka stoo na mafuta ndani yake?
- Kuna mtu ninayemdai haki, au anayenidai, kwa kazi niliyoifanya nusunusu?

TUSALI

Ee Bwana Yesu, uliyefanya kazi kwa mikono yako pale Nazareti, utuangalie sisi vijana wa nyanda hizi za juu. Utujalie mikono mifu kwa wizi na hai kwa kazi. Fungua ndani yetu njia ndogo zilizoziba, ili tukinyamaza tukusikie, na tukitembea tuwafikishe wenzetu salama. Mtakatifu Yosefu Mfanyakazi, utuombee. Amina.

Muwe na wiki njema, na msiwashe injini ndani ya chumba kilichofungwa. Ndani ya moshi wake mna gesi inayoua bila harufu ya kukuonya. Tumsifu Yesu Kristo!